Maji ya Nyamwamba Yanaishia Wapi? Boti Ndogo na Marafiki kwenye Mfereji wa Kazinga

Uwe Kyanjuki, uwe Kasese mjini, uwe Bwera au umevuka Mpondwe uko upande wa Kongo, msikilizaji wangu, haya yanakuhusu. Leo nina neno kuhusu jambo ambalo wengi wetu tumewaachia watalii: kupanda boti ndogo pamoja na marafiki siku ya mapumziko, kukaa majini saa mbili tatu, kisha kurudi nyumbani salama.

Najua kuna anayeuliza: Bulembia, huku kwetu bondeni Kilembe, na boti wapi na wapi? Swali ni la haki. Mto wetu wa Nyamwamba haupitiki kwa chombo. Unateremka kutoka milima ya Rwenzori kwa kasi, umejaa mawe, mengine yanazidi kimo cha mtu, na mtumbwi hauwezi kwenda mbali humo bila kupasuka. Mtu wa Bulembia anayetaka chombo lazima ashuke tambarare, aende mpaka Katunguru au Mweya, kwenye Mfereji wa Kazinga. Lakini hapo ndipo penye hoja yangu: maji atakayoyakuta huko ni pamoja na yale yaliyopita mlangoni kwake.

Tuanze na sisi wenyewe. Mwombe mkazi wa Bulembia akusimulie habari za mto, naye atakutajia tarehe. Atakutajia tarehe 1 Mei 2013, Nyamwamba ulipofurika ukavunja madaraja, ukabeba nyumba, ukaingia hospitali ya Kilembe. Atakwambia mwaka 2014 ulirudia. Atakukumbusha Mei 2020, nchi imefungwa kwa sababu ya korona, maji yakaja tena usiku, na safari hiyo Nyamwamba haukuwa peke yake. Mito ya Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha nayo iliacha njia zake. Hospitali iliharibiwa vibaya hata wagonjwa wakahamishwa.

Kumbukumbu hizo ni nzito, na hakuna mwenye haki ya kuwaambia waliofiwa wazisahau. Ninachosema ni kwamba tumeujua mto kwa upande mmoja tu, upande wa kuumia. Watoto wetu wanakua wakiamini maji ni kitu cha kukimbia. Wanaona yanakotoka, maana mlima uko juu ya vichwa vyao, lakini yanakokwenda hawapajui. Na mtu asiyejua maji yake yanakwenda wapi hawezi kuyalinda. Hata kuyaogopa, hayaogopi kwa busara: atatetemeka pasipo hatari, na penye hatari ya kweli atajiamini kupita kiasi.

Basi tuyafuate. Nyamwamba ukishaupita mji wa Kasese unaingia tambarare, unapungua kasi, na mwisho wake ni Ziwa George. Ziwa hilo ni pana, kilomita za mraba zipatazo 250, ila kina chake ni kifupi. Kwa wastani hakifiki mita 3. Mstari wa Ikweta unalikata. Lina vinamasi vikubwa vya mafunjo, na mwaka 1988 eneo hilo likawa la kwanza nchini Uganda kuingizwa katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zinazohesabika kuwa muhimu kwa dunia nzima. Kutoka hapo maji yanaingia Mfereji wa Kazinga, ambao una urefu wa zaidi ya kilomita 30. Yanakwenda taratibu sana, kwa kuwa tofauti ya kimo kati ya ziwa moja na jingine ni ndogo mno. Ukikaa ukingoni bila kutazama jani linaloelea, utasema yamesimama. Kule Mweya yanamwagikia Ziwa Edward.

Ziwa Edward nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Semliki, unaoanzia Ishango upande wa Kongo. Semliki unauzunguka mlima wetu kwa magharibi mpaka Ziwa Albert, na kutoka Albert ni Nile moja kwa moja hadi Misri. Mama anayefua nguo ukingoni Kilembe yuko kwenye njia hiyo, ajue asijue.

Nanyi wa Bwera msidhani nimewasahau. Lhubiriha, mto wenu wa mpakani, nao unaishia Ziwa Edward. Kwa hiyo maji ya Bulembia na maji ya Bwera, yaliyoachana kule juu mlimani, yanakutana ziwani. Na watu nao wana pao pa kukutania: Kikorongo, pale barabara ya Mpondwe inapoungana na ile inayotoka Kasese kwenda Mbarara. Sisi wa Bulembia tunashuka na teksi, wenzetu wa Bwera wanakuja na yao, kisha tunakwenda pamoja Katunguru, kwenye daraja.

Siku gani? Katika kundi letu wamo Wasabato, kwa hiyo Jumamosi haiguswi. Wamo Wakatoliki na Waanglikana, kwa hiyo Jumapili asubuhi ni ya ibada. Kinachobaki ni Jumapili mchana, na mchana huo unatosha, kwa sababu jua likianza kupungua makali ndipo wanyama wanapokuja ukingoni. Gharama tunachanga. Boti hukodiwa na kundi, na bei inayomtisha mtu mmoja ikigawanywa kwa watu kumi inabebeka. Tena raia wa Afrika Mashariki halipi kiingilio cha Hifadhi ya Malkia Elizabeth, ambamo mfereji unapita, kama mgeni wa ng'ambo. Mmoja analeta chapati, mwingine karanga, mwingine mananasi. Samaki hatubebi, kwa sababu ngege wa kukaanga tutamkuta huko huko tukirudi, na hakuna ngege anayemshinda yule aliyetoka majini asubuhi ya siku hiyo.

Nahodha tuliyemzoea ni mtu aliyekulia kijiji cha wavuvi. Kabla hajawasha mashine, anawapa watu wote majaketi ya kuokolea maisha, kisha anapita kwa mmoja mmoja akivuta mikanda. Anaivuta kwa nguvu. Mkanda ukilegea anaufungua, anaufunga upya, anauvuta tena. Mzee wa kanisa au binti wa shule, wote sawa kwake. Halafu anawapanga watu kwa uzito, wanene wasikae upande mmoja, na anatoa sharti lake: hakuna kusimama bila ruhusa yake, hata ndovu akitokea. Usafiri wa majini unaanzia hapo, kwenye utii, kwa sababu majini hakuna pembeni pa kusimama na kubishana.

Sasa tuko ndani ya mfereji. Mahali pengine ukingo umesimama wima, udongo wake umetobolewa matundu mengi, na humo mdiria wanataga. Mtazame huyo mdiria mweusi kwa mweupe. Anapaa juu ya maji, kisha anasimama hewani papo hapo. Mabawa yanapiga haraka hata huwezi kuyahesabu, lakini kichwa kimetulia tuli na mdomo umeelekezwa chini. Boti nzima inanyamaza. Ghafla anakunja mabawa, anadondoka, chubwi! Anaibuka na kisamaki, anakwenda kutua kwenye tawi kavu, anakipigiza mara mbili tatu, kisha anakimeza akianzia kichwani. Nimeona watu wazima, wenye biashara na madeni yao vichwani, wakisahau kila kitu kwa muda huo mfupi.

Mbele kidogo nahodha anapunguza mashine. Viboko. Kwanza unaona matundu mawili ya pua na masikio yanayotikisika kufukuza maji, kisha unasikia pumzi ikitoka kwa kishindo. Mchana hulala majini, mmoja kamwegemea mwenzake. Usiku hutoka kwenda kula majani nchi kavu. Mfereji huu unajulikana duniani kwa wingi wao. Nahodha anayejua kazi haendi kuwachokoza ili wageni wapate picha. Anawapisha kwa mbali, wala hakatizi kati yao na kina kirefu, kwa sababu kiboko akishtuka hukimbilia kinani, na chochote kilicho njiani anakipindua. Mamba nao wamo. Kwa muda mrefu maziwa ya George na Edward hayakuwa na mamba. Wameonekana katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, na sasa ni wenyeji kabisa. Kwa hiyo mkono haushushwi majini, hata kama maji yanapendeza.

Ukikaribia Mweya, ndege wanajaa hata mchanga hauonekani: mwari, minandi waliotandaza mabawa kukausha, korongo wa aina aina. Ndovu wanashuka kunywa. Nyati wazee, waliotengwa na kundi, wamelala kwenye tope. Na mfereji ukifunguka, ziwa linatokea mbele yako, pana hata huoni ng'ambo vizuri siku yenye ukungu. Hapo boti yetu inageuza. Ziwa Edward lina kina kinachofika zaidi ya mita 100, lina upepo wake wa ghafla, na sehemu yake kubwa iko Kongo. Mpaka unapita majini bila alama, na wavuvi wetu wameshakamatwa mara nyingi kwa kuuvuka. Boti ya matembezi haina kazi huko.

Msikilizaji, kuna fikra moja nataka tuitoe vichwani: kwamba maji haya ni ya wageni na sisi ni wapita njia. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1952 ikiitwa Kazinga, ikabadilishwa jina baada ya Malkia Elizabeth kuitembelea mwaka 1954. Ziwa Edward lilipewa jina la mwana wa kifalme wa Uingereza, na mwaka 1973 likapewa jina la Idi Amin kwa miaka michache. Majina ya watawala yanakuja na kupita. Watu wa hapa na vyombo vyao walikuwepo muda wote. Chumvi ya Katwe ilisafiri kwa mitumbwi kwenda ng'ambo ya ziwa kabla hakujawa na lori wala lami. Na kule Ishango, mwaka 1950, mtaalamu wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa uliochanjwa alama zilizopangwa kwa makundi, unaokadiriwa kuwa na miaka ipatayo 20,000. Pamoja na mfupa huo zilipatikana chusa za mifupa. Maana yake watu walikuwa wakivua samaki kwenye maji haya tangu enzi ambazo hata hadithi zetu hazifiki.

Leo vijiji vya wavuvi bado vipo ndani na kandokando ya hifadhi: Katwe, Kayanja, Katunguru, Hamukungu, Kahendero, Kasenyi. Watu wake wanaishi na viboko mlangoni. Siku tunayokodi boti kwao au kula samaki wao, fedha inabaki wilayani Kasese. Tunapowafundisha watoto wetu kwamba burudani ni baa au kuangalia mpira wa Uingereza kwenye kibanda, tunawanyima urithi ulio mwendo wa chini ya saa mbili kutoka nyumbani.

Lakini siwezi kuwaita watu majini bila kusema jambo la pili, la usalama, na hili naomba mlisikilize kwa makini zaidi.

Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2018, kundi la watu waliokwenda kustarehe lilipanda chombo kiitwacho MV Templar kwenye Ziwa Victoria, upande wa Mukono. Walikuwa marafiki, wengi wao vijana, muziki unalia. Chombo kilikuwa kibovu, hakikuwa na leseni, na kilijaza watu kupita kiasi. Kilizama karibu na ufuko wa Mutima, na zaidi ya watu 30 walikufa. Walikuwa wametoka wikendi kama tutokavyo sisi. Baada ya hapo, mwaka 2021, Uganda ikapata sheria mpya ya usafiri wa majini, lakini sheria haiingii kwenye boti kukufunga mkanda. Atakayeukagua ni wewe.

Kwa hiyo nina masharti, na siyalegezi. La kwanza, panda boti inayoruhusiwa kubeba abiria. Mtumbwi wa kuvulia una leseni ya kuvulia, na mvuvi akikuambia atakupitisha kwa bei ya chini, mshukuru kisha mkatalie. La pili, jaketi kwa kila kichwa, mtoto avae la mtoto. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. La tatu, pombe ibaki nchi kavu. Kama kuna bia ya kunywewa, itanywewa baada ya kushuka, na dereva wa kuturudisha asiiguse. La nne, mawingu yakijikusanya Rwenzori, safari inaahirishwa. Mvua zetu za Machi hadi Mei na zile za Agosti hadi Novemba hazina mzaha. La tano, mweleze mtu wa nyumbani mnakokwenda na saa mtakayorudi.

Niliwahi kuambiwa na mwenye boti mmoja kwamba majaketi hayatoshi, lakini mfereji umetulia, hakuna la kuogopa. Tulishuka sote. Wenzetu wawili walinung'unika kwa sababu tulikuwa tumetoka mbali. Tulikaa ukingoni, tukala chapati zetu, tukarudi nyumbani. Siku hiyo haikupotea hata kidogo.

Na jambo la tatu ni deni letu kwa mto wenyewe. Mgodi wa shaba wa Kilembe, uliochimbwa na kampuni ya Kanada kuanzia mwaka 1956, ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mabaki yake, ule udongo uliosagwa na kutolewa shaba, yamelundikwa kandokando ya Nyamwamba mpaka leo. Kila mafuriko yanamega lundo na kushusha shaba na kobalti bondeni. Hilo ni la serikali na wenye mgodi, na sisi tunapaswa kuendelea kulidai bila kuchoka. Lakini lipo lililo mikononi mwetu. Kavera (mfuko wa plastiki) unayotupa mtoni Kilembe haipotei. Inasafiri, nayo ikikwama kwenye mafunjo ya Ziwa George inakaa pale. Anayelima mpaka kwenye ukingo wa mto, anayekata miti ya ukingo, anaufungulia mto mlango wa kuingia nyumbani kwa jirani yake. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa akitupa taka za duka lake mtoni miaka yote, alikaa kwenye boti akiitazama chupa ya plastiki ikielea kati ya ndege. Hakuna aliyemwambia neno. Wiki iliyofuata alinunua pipa. Mikutano ya hadhara juu ya usafi ilikuwa imeshindwa kumbadilisha, lakini macho yake mwenyewe yalimshawishi.

Ndiyo maana nasema matembezi haya si anasa. Ni darasa la bei nafuu kuliko yote tuliyo nayo kuhusu maji yanayotulisha na kutuumiza.

Sasa ombi langu. Walimu wa Bulembia na Bwera, mkipanga ziara ya shule, wapelekeni wanafunzi Kazinga kabla ya kuwapeleka kuona maghorofa ya Kampala. Wakuu wa vikundi vya vijana na vya akina mama, mnaokusanya fedha kila wiki, tengeni kidogo muende pamoja japo mara moja kwa mwaka. Viongozi wa manispaa na wa hifadhi, wekeni Jumapili moja ya mwezi yenye bei ambayo mkulima wa kahawa anaweza kuimudu na familia yake. Wenye boti, nunueni majaketi ya kutosha, yakiwemo ya watoto, kabla ya kununua spika.

Nawe msikilizaji, zungumza na marafiki zako wiki hii. Pangeni siku, changeni fedha, muulizeni mwenye boti leseni yake na mhesabu majaketi kabla ya kulipa. Yakipungua hata moja, msipande.